Mbuzi wa Dada Zuhura

Juzi nilipita mnadani, mvua ya rasharasha inanyesha, nimeshika mwavuli na mkoba kama mama mtu mzima mwenye heshima zake. Mara nikapigwa na harufu ya beberu aliyelowa. Mnaijua harufu ile, haibishi hodi. Kabla sijawaza lolote nilikuwa nimeshainama, vidole vyangu viko chini ya taya la mnyama wa watu, vinapapasa kushoto, vinapapasa kulia. Muuzaji akafurahi.

"Papasa mama, papasa! Kanona huyo. Shingo hiyo peke yake ni supu ya siku mbili."

Sikuwa natafuta mnofu. Nilikuwa natafuta uvimbe. Mkono wangu ulikuwa unafanya kazi niliyoupa nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na hakuna mtu aliyewahi kuuambia uiache.

Kwetu ni Misima, upande wa Handeni. Baba alikuwa Mzigua mkulima, mahindi na mihogo, mtu wa sauti kubwa na furaha ya haraka. Mama alikuwa Msambaa wa Bungu, kule juu Korogwe kwenye ukungu, na mpaka leo hajalisamehe jua la Handeni. Bibi mzaa baba tulikaa naye nyumba moja. Watoto tulikuwa wawili tu, dada Zuhura aliyekuwa anakaribia kuvunja ungo, na mimi niliyekuwa nyuma yake mbali sana, kiasi kwamba alinibeba mgongoni zaidi kuliko Mama.

Wa rika langu mtazikumbuka zama zile. Ilikuwa ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa sabuni za rangi na biskuti za majina tusiyoweza kuyatamka. Mjomba wangu wa Korogwe aliacha kazi ya kukata mkonge akaanza kuuza mitumba, na kila alipokuja kwetu alinuka ile dawa ya marobota. Kila kitu kilikuwa kinarudi baada ya kupotea, sukari, mafuta, khanga. Labda ndiyo maana sikushangaa sana mwanzoni niliposikia kwamba ugonjwa nao unaweza kwenda na kurudi. Kushangaa kulikuja baadaye, na hakujaisha.

Uvimbe ulianza shingoni mwa Zuhura, upande wa kushoto, kama punje ya kunde. Haukumuuma. Mama aliukanda kwa chumvi ya moto, Bibi akafunga majani, wote wakasema ni mtoki. Lakini mtoki huja na kidonda, na Zuhura hakuwa na kidonda popote. Kunde ikawa ndimu, ikazaa ndimu nyingine pembeni. Akaanza kukonda, na asubuhi nguo aliyolala nayo ilikuwa imelowa jasho. Wakampeleka hospitali Korogwe, wakakata kipande, kipande kikapelekwa Dar, na jibu lililorudi lilikuwa saratani ya matezi. Jina hilo sikuambiwa. Niliambiwa dada yako ana uvimbe, kana kwamba sikuwa na macho.

Kwenye benchi la hospitali ile, Mama anasimulia, Baba aliinua mikono akaweka nadhiri mbele ya wagonjwa wote. Mungu akimponya mwanawe, atachinja mbuzi. Kwetu nadhiri si maneno ya kujifariji. Ukitamka umejifunga, na siku ya kuiondoa nyama yote ni ya majirani na wasiojiweza. Mwenye nadhiri na watu wa nyumbani kwake hawaionji.

Mama na Zuhura walikaa Dar mpaka nikaanza kuisahau sura ya Mama. Waliporudi, Zuhura alikuwa hana nywele hata moja, na kichwani amevaa kofia nyekundu ya sufu, ya baridi, yenye kifundo juu, zawadi ya Mjomba kutoka kwenye robota. Jua la Misima linawaka na yeye kavaa kofia ya watu wa theluji. Nilitaka kucheka nikaogopa. Baba hakuitikia hata shikamoo yake. Alimshika shingo kwa mikono miwili, akapapasa taratibu pande zote, akakuta laini. Kisha akalia kwa sauti, Baba yangu, pale uani, na kuku wakamkimbia.

"Daktari kasemaje?" aliuliza alipopata pumzi.

"Kasema uvimbe hauonekani tena," Mama akajibu. "Damu nzuri, picha nzuri. Ila tumrudishe kliniki, wawe wanamtazama."

"Kwa hiyo kapona."

"Kasema hauonekani, Baba Zuhura."

"Kitu kisichoonekana kipo wapi? Kapona!"

Wiki ile ile akachinja. Walimu wa madrasa walikuja wakasoma dua, masufuria yakaletwa kutoka nyumba tatu, na watu wakala pilau mpaka chini ya kiambaza. Zuhura, ambaye kwa miezi chakula kilikuwa kinamtia kichefuchefu, alisimama karibu na jiko akasema polepole kwamba ana hamu ya maini. Baba angefanyaje? Mtoto kaomba chakula. Akakata kipande, akakichoma mwenyewe juu ya makaa, akamlisha kwa mkono. Bibi aliona. Niliuona mdomo wake ukijifunga.

Nywele zikarudi, laini kama za mtoto mchanga. Kliniki ya kwanza walikwenda. Ya pili ilikutana na mvua za kupandia, na Baba akasema hakuna maana ya kumsafirisha mtoto mzima kwenda kukaa na wagonjwa. Nadhiri imeshaondolewa, aliongeza, kurudi hospitali ni kama kumwambia Mungu hatukuamini. Mama alinuna, akashika jembe.

Siku moja Zuhura alikuwa anajitazama kwenye kipande chetu cha kioo, anafunga kitambaa kichwani. Mkono wake ukasimama shingoni. Aliniona kwenye kioo nikimtazama. Akavua kitambaa, akaenda kwenye sanduku, akatoa kofia nyekundu, akaivaa na kuivuta mpaka ikafunika masikio na nusu ya shingo. Kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Nilimfuata Mama kwenye kinu. "Mama, Dada kavaa kofia."

Mama alikuwa ameinua mchi. Hakuushusha kwenye kinu, aliuacha uanguke chini.

Jioni ile nyumba ilijaa maelezo. Bibi alifungua mdomo wake aliokuwa ameufunga. "Mmekula nyama ya nadhiri. Mmemlisha mgonjwa mwenyewe! Mlitaka iweje?" Mwalimu wa madrasa alikuwa mpole zaidi. Alisema Baba alifanya haraka, nadhiri ilikuwa ya kupona, na kupona kwenyewe kulikuwa hakujafika, kwa hiyo pale palichinjwa kitoweo tu. Baba alikaa kwenye kigoda, kichwa chini, akasema kwa sauti ndogo nisiyoijua kwamba kesho atatafuta mbuzi mwingine, achinjwe sawasawa, halafu ndipo mtoto asafiri.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. "Nyie bishaneni na mbuzi wenu. Mimi kesho naondoka na mwanangu. Safari hii tukichelewa namzika, na nikimzika sitarudi nyumba hii."

Sikuwahi kumsikia akitamka neno kuzika juu ya mtu aliye hai, na Zuhura alikuwa pale pale mlangoni, amevaa kofia yake.

Kilichokuwa kinanichanganya mimi kilikuwa kidogo kuliko hayo. Malaria naijua, inakuja, inaondoka, ikija tena ni mbu mwingine. Tetekuwanga unaugua mara moja unamaliza. Huu wa Zuhura sikujua niuweke wapi. Asubuhi kituoni, basi linanguruma, nilimvuta Mama khanga.

"Mama, ni uvimbe ule ule au mwingine?"

"Ule ule."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Mama alinitazama. Alinipangusa uso kwa khanga yake, akapanda basi.

Basi nikabaki na swali langu. Ulikuwa wapi? Nilitafuta chini ya kitanda cha Zuhura. Sioni haya kulisema. Nilitafuta ndani ya mto wake na nyuma ya sanduku, bila kujua nikiukuta utakuwa na sura gani.

Baba naye alibaki na lake. Alikwenda kwa Mzee Moinget, Mmasai aliyekuwa analisha mifugo upande wa nyika, akarudi na beberu mdogo mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Akamfunga nyuma ya jiko, akaweka nadhiri upya mbele yangu na Bibi, kwa maneno aliyoyapima. Safari hii hatachinja kwa kuona kwake wala kwa furaha yake. Huyu mbuzi hataguswa na kisu mpaka daktari mwenyewe atamke kwa mdomo wake kwamba basi, umekwisha.

Na mbuzi yule alikuwa na vinyama viwili vinavyoning'inia shingoni, chini ya taya, kimoja kushoto, kimoja kulia. Mbuzi wengine huzaliwa navyo. Mimi nilikuwa sijawahi kuvitazama kwa makini.

Zuhura aliporudi safari ya pili alikuwa amepigwa mionzi, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na kavu, na shingo yenyewe safi kabisa. Nikaitazama shingo yake. Nikaenda nyuma ya jiko nikaitazama ya mbuzi. Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote duniani kama nilivyokuwa siku ile. Uvimbe haukwenda popote. Ulihamia kwa mbuzi. Ndiyo kazi ya mbuzi wa nadhiri. Na yule wa kwanza tulimchinja kwa ujinga wetu, uvimbe ukakosa pa kukaa, ukarudi kwa mwenyewe.

Nilimpenda mbuzi yule kwa hofu. Nilimkatia majani mabichi, nikamwibia pumba. Kila asubuhi kabla ya shule nilipapasa vinyama vyake, vipo viwili. Kisha nilikwenda kumpapasa Zuhura shingoni, hakuna kitu. Zuhura alidhani nambembeleza. Alikuwa ananivuta na kunikumbatia, nami nilikuwa kazini.

Likizo moja Baba alitupeleka wote wawili Dar, kliniki. Alivaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa. Daktari alikuwa mama mwenye miwani, alimpapasa Zuhura kama ninavyompapasa mimi, akatazama picha kwenye mwanga. Alipomaliza, Baba alisogea mbele ya kiti.

"Daktari, nichinje?"

"Uchinje nini, mzee wangu?"

Baba akaeleza. Benchi, nadhiri ya kwanza, maini, mbuzi wa pili. Alieleza yote, na foleni ilikuwa ndefu nje. Daktari alianza kucheka, akaona uso wa Baba, akaacha.

"Mzee, leo sioni kitu. Nikisema hakipo kabisa, nitakuwa nakudanganya. Nikisema kipo, nakudanganya vilevile. Dawa imeua ule tulioweza kuuona. Kama pamebaki kimbegu, sina mashine ya kukiona. Ukikaa kimya mwaka, tunashukuru. Ukikaa kimya miaka, tunaanza kuamini."

"Sasa nitajuaje kwamba kapona?"

"Hutajua leo. Hata mimi."

Baba alivua kofia, akaishika mapajani. Nilimwonea huruma. Alikuja kutafuta neno moja tu, na mwenye neno alikuwa hana.

"Huyo mbuzi ana umri gani?" daktari akauliza.

"Bado mdogo. Ana meno mawili."

"Basi mlishe."

Nilitoka pale nimefurahi peke yangu. Nilijua sasa kwamba daktari naye anafahamu habari za mbuzi, ila mambo ya hospitali hayasemwi wazi mbele ya wazee.

Ikawa hivyo. Kila baada ya kliniki Baba alirudi Misima, na Mzee Moinget, ambaye alikuwa amelichukua jambo lile kama lake, alikuja na fimbo yake akasimama mbele ya mbuzi.

"Bado?"

"Bado."

"Nyie watu wa jembe mna mambo. Mimi nilikuuzia nyama, wewe umeweka mfungwa."

Zuhura alinenepa. Alirudi shule, akaimaliza. Watu wakaanza kumsemesha Baba kwamba sasa nini tena, binti anang'aa vile. Idi moja wageni walijaa kutoka Bungu, kitoweo hakitoshi, na Bibi, aliyekuwa ameanza kuishiwa nguvu lakini si maneno, akasema mtoto ni mzima kila mtu anamwona, mchinjeni huyo mbuzi tuondokane na hili. Wageni wakaitikia. Baba akaenda ndani akatoka na kisu.

Nilijirusha kwenye shingo ya mbuzi. Nilipiga kelele zote nilizokuwa nazo. "Utarudi! Mkimchinja utarudi kwa Dada! Uko humu, tazameni!" Nikashika vile vinyama viwili nikawaonyesha.

Wageni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama hakucheka, Zuhura hakucheka. Baba alikuja akachuchumaa mbele yangu, akavishika vinyama vile mwenyewe, kimoja kimoja, kama alivyoshika shingo ya Zuhura siku ile uani. Kisha akasimama akarudisha kisu ndani, na wageni wakala kuku.

Mama alinieleza baadaye kwamba mbuzi alizaliwa navyo, na Mzee Moinget akanionyesha mama yake mbuzi kundini, naye anavyo. Nilikubali kwa mdomo. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa Baba, na nilijua sikuwa peke yangu niliyekuwa nikiogopa.

Bibi alifariki akiwa bado analalamikia maini. Zuhura akajifunza cherehani, akaolewa Korogwe, akapata mtoto wa kiume ambaye madaktari walisema huenda asingempata. Mimi nikaenda sekondari, nikafundishwa seli na jinsi zinavyogawanyika, nikalielewa kwa mara ya kwanza jina la ugonjwa wa dada yangu, na nikirudi likizo bado nilipitia nyuma ya jiko kabla ya kuingia ndani. Mbuzi alikuwa mzee sasa, ndevu ndefu, meno yameanguka, Baba anamkatia majani vipande vipande.

Kisha mwaka mmoja Zuhura alikwenda Dar na Baba, na daktari, kijana mwingine kabisa, akafunga faili akasema basi. Usije tena huku, alimwambia, labda kunisalimia. Baba alimwomba arudie. Akarudia.

Alichinja Ijumaa iliyofuata. Mzee Moinget alishika miguu ya mbuzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi na seli zangu za kidato cha tatu nilisimama nyuma ya mlango, nimefumba macho. Nyama ilitoka yote, mpaka kwato, na ilikuwa ngumu, majirani walituambia kesho yake. Sisi jioni tulikaa mkekani tukala ugali na kisamvu, harufu ya mchuzi wa mbuzi inatujia kutoka kila nyumba. Ilipasa tuwe na furaha. Lakini kila mmoja, akidhani haonekani, alikuwa anaitupia macho shingo ya Zuhura.

Zuhura akaweka tonge chini. Akatoa mtandio.

"Haya, njooni mshike mmalize."

Baba alishika wa kwanza, kisha Mama. Mimi nilipapasa kama nilivyozoea, chini ya taya, kushoto na kulia, mpaka kwenye kile kidoa cheusi cha mionzi.

"Umekuta nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu."

"Leo hakuna," akanirekebisha. Akavuta sahani akaendelea kula.

Nilimchukia kidogo kwa neno lile. Tulikuwa tumemlisha mbuzi miaka yote ile ili tusilisikie.

Juzi nilipotoka mnadani nilimpigia simu. Ana wajukuu sasa. Nikamwambia nimeshika mbuzi wa watu shingoni, mvuani, mbele ya umati. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Umeshajishika leo?"

Zuhura anavaa bangili nyingi, mkono wa kulia, tangu alipoanza kupata hela zake za cherehani. Nilizisikia kwenye simu zikiteremka zote pamoja kutoka kwenye kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko. Nikajua ameuinua mkono, na nikajua umefika wapi. Nikasubiri, mvua inaninyeshea, mwavuli nimeusahau umefungwa mkononi.

"Hakuna," akasema. "Haya, nenda nyumbani, utalowa."